Chuma cha Pajani mwa Babu

Babu, shikamoo.

Uji uko kwenye chupa ya chai. Dawa ya moyo meza moja, ukishakula. Kuni usichanje, na baiskeli nimeifunga makusudi.

~~Nimekwenda sokoni.~~ Siwezi kukudanganya. Nimekwenda Tabora mjini, kwa daktari wako.

Juzi alikuuliza mbele yangu kama una chuma mwilini, maana ile mashine ya Dar es Salaam inayopiga picha mishipa ya moyo ni sumaku kubwa. Ukasema huna. Leo asubuhi nakukanda mguu, ndipo ukaniambia kuna kipande cha bomu pajani tangu mlipokimbia Burundi. Ukacheka: "Acha sumaku ikitoe, mjukuu wangu, waganga wameshindwa." Mimi sikucheka. Daktari alisema chuma kinaweza kusogea ndani ya mwili na kukuumiza vibaya.

Najua hupendi kuulizwa habari za siku zile. Sitazisimulia, nitataja chuma tu. Unajua ninavyoogopa kusema na madaktari, mimi niliyeishia darasa la tano. Njia nzima nitakuwa narudia maneno haya: babu yangu ana chuma pajani, babu yangu ana chuma pajani.

Kesho usipande basi la Dar es Salaam kabla sijarudi. Nyumba hii tumebaki wawili. Usiponiitikia marahaba wewe, asubuhi nitamwamkia nani?

Mjukuu wako,
Esperansi