Nilicheza Mwendo wa Mavyaa Wangu

Mpendwa Bi Ummi mshauri, shikamoo. Kwanza uniwie radhi kwa kukawia kukuandikia, barua hii nimeianza mara nne na mara zote mtoto ameamka, sasa unakwenda mwezi wa pili na jambo lenyewe limezidi kukaa vibaya, kwa hivyo leo naandika tu vile linavyokuja.

Mimi ni mchezaji dansi, naishi Bongwe, nina mtoto wa mwaka na miezi miwili. Si dansi za hotelini, hizo nilizicheza Diani kabla ya kuolewa nikaziacha, sasa natunga kazi zangu mwenyewe, nyingine nacheza peke yangu na nyingine na mwenzangu Rai wa Kikoneni ambaye hupiga madebe, hatuna kundi wala bosi. Watu huniuliza, "Dansi gani hii haina hata wimbo?" nami huwajibu keti utazame, na wakiketi hawaondoki. Hilo silitilii shaka, kazi naijua.

Basi nilitunga dansi ya peke yangu ya nusu saa, ndani yake mna mwanamke anayevuka ua. Nikaicheza katika ukumbi mmoja hapa Ukunda, na mavyaa wangu Bi Mishi, mamake mume wangu Waziri, akaja kwa mara ya kwanza, amejitanda leso mpya, nikamweka kiti cha mbele. Nilipoanza ule mwendo, nyonga inashuka upande, mkono wa kulia unabaki nyuma, mwanamke mmoja akapiga kelele, "Aa! Si Mishi huyo!" na ukumbi mzima ukacheka. Wallahi Bi Ummi, hapo ndipo nilipojua. Tangu nijifungue nashinda naye uani, yeye anakwenda na kurudi na mtoto begani, na mwili wangu ukauchukua mwendo wake kama mtoto anavyochukua maneno, sikukusudia. Lakini sikusimama. Nilimaliza, na nilipoinua kichwa kiti chake kilikuwa kitupu.

Hajanitukana. Mtoto anamlea vilevile, uji anampa, salamu yangu anaiitika. Ila nikiwa nipo hainuki mkekani. Hata maji ya kunywa anangoja nitoke ndipo ayafuate, nimemwona kupitia dirisha. Hilo ndilo linaloniumiza, mama wa watu anaona haya kutembea nyumbani kwake kwa sababu yangu.

Sasa mwezi ujao mimi na Rai tunacheza Diani, ile dansi tumeitanua iwe ya watu wawili, na ule mwendo ndio umeishikilia yote. Waziri anasema, "Kitoe hicho kipande, yaishe." Rai anasema, "Ukikitoa tumebaki na nini, madebe yangu?" Mimi kuacha kucheza siachi, hilo usinishauri. Lakini simtaki mama yule aishi ameketi.

Mashoga zangu wamenipa pole, na pole zimenitosha. Ninachohitaji kwako ni hiki: neno la kwanza la kumwambia, jibu kama niende peke yangu au na Waziri, kama nibebe leso au nisibebe, na kipande kile, nikitoe au nikiache.

Mama Swabir, Bongwe

JIBU

Marahaba, Mama Swabir. Kukawia kuniandikia si neno, mwenye mtoto mdogo huandika anapoweza. Kukawia kumwendea mavyaa wako siwezi kukusamehe mimi, maana si mimi uliyenikosea.

Kwamba unajua kucheza nakubali, na kuacha sikwambii. Lakini nyonga yake na mkono wake umenieleza hata nikamwona, na barua nzima hujasema kwa nini anatembea hivyo. Hujui? Basi hujamuuliza. Mwaka mzima unamtazama tu! Na mumeo na Rai wanavutana juu ya kipande kana kwamba ni chao. Mwenyewe hakuna aliyemwendea.

Unasema hukukusudia. Nakuamini, mwanangu, mpaka pale yule mwanamke alipopiga kelele. Baada ya hapo ulikuwa na nafasi ya kubadili hatua, ukaendelea mpaka mwisho huku watu wanacheka. Hapo ulikusudia, na hapo ndipo pa kuombea radhi.

Nenda peke yako. Waziri akiwepo atasema yeye, mama atamsamehe mwanawe na wewe utabaki palepale. Leso usibebe, ataona unamnunua. Nenda asubuhi, siku ambayo huna mazoezi na hutaki akushikie mtoto. Neno la kwanza ni hili: "Mama, nilijua ni wewe, na sikusimama." Usitie "lakini" mbele yake. Kisha nyamaza, hata akilia, hata akikusema vibaya.

Siku hiyo Diani usiitaje kabisa. Siku nyingine, akianza kukuongelesha mwenyewe, ndipo umweleze, mumchezee pale uani wewe na Rai bila ya watu wengine, na umuulize. Akikubali, jina lake litangazwe kabla ya majina yenu, na yeye ndiye aseme mwendo ule utachezwa vipi. Akikataa, kipande kinatoka chote, hata mkono usibaki, na Rai umwambie leo kwamba jibu laweza kuwa hapana ili asije akakulaumu. Mtalia kidogo, mtatunga kingine. Wewe miendo unaijua chungu nzima. Yeye anao huo mmoja, na ndio anaokwendea kuchota maji.