Mzunguko wa Thelathini na Moja

Saint-Aubry,
4 Mei 1984

Kwa kaka yangu mpendwa Anselme,

Pokea salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila shingo imechoka kwa kuchungulia dirishani.

Kaka, hapa pana jambo. Mwalimu Josserand anaandika historia ya Grand Prix yetu, tangu magari ya kwanza yalipotimua vumbi barabara ya kanisani hadi mbio zilipokomeshwa. Barua yako ameipata, ile unayotaka aandike kwamba Lucien Pradier alikuibia kombe la mwaka 1949. Kitabu kinakwenda kuchapwa Jumatatu.

Tangu hapo simwamini mtu. Mwalimu amekuja mara tatu kuomba karatasi yangu ya mwaka ule, ile niliyokuhesabia mizunguko. Mara ya tatu hata kahawa hakuimaliza. Naye Lucien, ambaye hujamsalimu miaka thelathini na mitano, kaniletea jibini la mbuzi. Nikamuuliza ana njama gani na Mwalimu. Akacheka, akasema, "Odile bwana! Umezeeka na ubishi wako. Kula, halina sumu." Nilimwonjesha paka kwanza.

Jana Mwalimu akaniwekea picha mezani. Wewe na Lucien mnapita kona ya kanisa bega kwa bega, mvua inanyesha, saa ya mnara inaonyesha tisa na dakika ishirini. Akaniuliza kwa upole mbona kwenye karatasi yangu dakika hiyo sikuandika kitu.

Unakumbuka mvua ile iliwavuruga wasimamizi, wakaamua mshindi kwa karatasi za jamaa za madereva, kama ilivyokuwa desturi yetu. Yako niliishika mimi. Ilikupunguzia mzunguko mmoja.

Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu baba agongwe kwenye kona ile, sikuweza kukutazama ukiipita. Nilikuwa nafumba macho, nakuandika kwa kusikia injini. Mzunguko wa thelathini na moja mlipita pamoja, nikasikia ngurumo moja tu, nikadhani ni ya Lucien peke yake. Ulipoanza kumwita mwizi nilishaanza kujishuku, nikanyamaza kwa woga. Nikakuacha umchukie rafiki yako bure.

Nimewaambia wote wawili, Mwalimu na Lucien. Lucien alilia, kisha akaenda kulileta kombe, amelifunga kwa gazeti. Liko hapa kwangu. Sitalituma kwa posta. Njoo ulichukue, na kama ni kunitukana, unitukane hapa, nikikutazama.

Wanao nawasalimu mmoja mmoja.

Mdogo wako, kwa aibu na mapenzi,
Odile