Asiyenipigia Kura Amelaaniwa

Mulongwe, 27 Novemba 2023

Mwanangu Norbert,

Uko salama huko Luvungi? Bibi yako na watoto wameamka muzima? Minye magoti yananiuma, lakini moyo unauma zaidi. Naomie wa kanisa lako alifika hapa kwangu analia. Eti jana ulimunyima Meza ya Bwana mbele ya kanisa lote, kwa sababu bwana yake anafanya kampeni ya kandida mwingine, si yako. Ni kweli? Ule mukate ni wako?

Nijibu.

Mama yako

Luvungi, 30 Novemba

Mama mupenzi,

Bwana asifiwe. Siye tuko muzima, watoto wanakuulizia. Naomie nilimwambia atubu tu. Mungu mwenyewe ndiye alinionyesha udeputé, nikae mu bunge. Anayenipinga anapinga mupango wake. Jumapili nitahubiri hapo kwenu. Nimetuma vitenge vyenye picha yangu, koro ya wamama ivivae ikiimba.

Mutoto wako, Pasta Norbert

Mulongwe, 4 Desemba

Norbert,

Leo salamu ni fupi: niko muzima, ila nina hasira.

Vitenge vyako ni minye niliyekataza. Na uliposema pale mimbarini, "Asiyenipigia kura amelaaniwa," niliuliza mbele ya wote, "Hiyo laana uliisoma mustari gani?" Ukajibu, "Mama, kaa chini." Minye niliyekuzaa! Mu benchi yetu moja wanakaa watu wa vyama vitatu, na mto ukijaa wanabebana mugongoni. Weye unakuja kuwagawa, huyu wa Mungu, huyu wa shetani? Nani alikutuma? Kama unataka kura, shuka mimbarini, uziombe barabarani kama wengine.

Na kwa Naomie, uende weye mwenyewe.

Mama

Luvungi, 13 Desemba

Mama,

Salamu nyingi. Nyumbani wote wazima. Minye nilikukasirikia sana, ndiyo maana nilikawia kuandika. Jumapili niliachia wazee mimbari. Sasa mumoja wao, Anastase, ndiye anahubiri. Kampeni ninaendelea kama raia yeyote, na watu wanaonifuata wamepungua sana. Kwa Naomie nilifika. Nilimwomba musamaha mbele ya bwana yake. Naomie akasema, "Nimesikia." Basi.

Mama, kura yako ninaweza kuitegemea?

Mutoto wako, Norbert

Mulongwe, 15 Desemba

Mwanangu,

Magoti yamepoa kidogo, na jana nilikula nikashiba. Umefanya vizuri.

Kuja hapa sokoni Jumatatu, utuambie utafanya nini na huu mto unaobomoa nyumba zetu. Nitasimama mbele kabisa, na nina maswali. Kura yangu nitaipiga peke yangu, wala sitakuambia ni ya nani.

Mama yako