Mshenga Tuliyemfukuza

Mjukuu wangu Zubeda,

Salaam nyingi toka Nakawa. Bibi yako mzima, mimi nanenepa tu. Tangu asubuhi nazima redio na kuiwasha; vita haviishi, nawe unauliza kama serikali yetu imfukuze balozi wa hao walioanzisha vita.

Zamani tuligombana na wakwe wa dada yangu Safia. Mshenga wao alipokuja, baba akamfokea, "Toka, mjumbe wa waongo!" Tukashangilia, mimi kuwashinda wote.

Safia alikuwa mjamzito, kwa mumewe huko Kyambogo. Wiki zikapita bila habari. Mama akawa anashtuka kila hodi. Mwishowe akasema, "Mzee, umewafunga wao midomo, au umetuziba sisi masikio?" Baba akavaa kanzu, akaenda kumwangukia mshenga.

Una hasira, mjukuu, hata mimi ninazo. Ila balozi akishaondoka, wanafunzi wetu waliokwama kwao nani atawaulizia hali?

Babu yako