Namna Mama Alivyokata Simu

Kaka yangu,

Huku tunaendelea. Bati la jikoni limezibwa, na jirani yetu fundi viatu bado anakohoa na bado anavuta.

Simu ya Mama ninayo mimi. Unakumbuka alivyokuwa akikata ukimpigia kwa video? Alibana vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, kisha akashangaa mbona bado unaongea. Kumbe kila akibana alikuwa anapiga skrinshoti, picha ya kilichopo kwenye kioo. Zimejaa simu nzima: wewe, uso umechanua, unamsubiri akate. Mimi hujawahi kunichekea hivyo, lakini hayo yapite.

Jumapili nilikupigia kwa simu hiyohiyo, tukaongea habari za kaburi lake ambalo hujaja kuliona. Ulikuwa umenuna, unajibu kwa mkato. Nilikata kwenye alama nyekundu. Vitufe vya pembeni sikuvigusa.

Leo nimekuta picha mpya, ya Jumapili. Kwenye kona nipo mimi, nimeinamisha kichwa. Wewe uso umechanua vilevile, na macho yako hayapo kwangu. Yanatazama juu ya bega langu.

Kuuliza kwa simu naogopa. Niandikie tu, ulimwona nani?

Mdogo wako