Kofia Ambayo Haikunyanyuliwa

Dukani kwangu, Barabara ya Pili
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Royce,

Ijumaa iliyopita, zikiwa zimebaki sekunde sita, tulipoteza mchezo wa mpira wa Kimarekani tuliokwisha kuutia mfukoni, 23 kwa 20. Tangu hapo nimekupigia simu mara saba, na mara saba hukupokea. Ndiyo maana naandika karatasi hii na kuibana kwenye kioo cha gari lako.

Lakini kwanza, hujambo? Mgongo unakuacha ulale? Na wifi yangu Nadine, kikohozi kimepungua? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila ngazi niliyopanda tangu ujana. Natumaini mlikula ule mkate wa mahindi niliouacha barazani. Sufuria yangu irudi.

Sasa nije kwenye lililonichoma. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye duka la donati, nyuma ya Gaylon muuza malisho, nikingoja kahawa. Wewe ulikuwa mbele yake, hukuniona. Gaylon alisema beki wetu wa mwisho, Colby Prewitt, alisimama kama mnara wa maji huku mpira ukimpita, na mzee mwingine akasema hata kuku wa bibi yake angegeuza shingo. Nilidhani kocha utawanyamazisha. Badala yake ukasema Ijumaa hii Colby atakaa benchi, na kukaba eneo tumeshakuzika, tutakaba mtu kwa mtu. Ukaongeza kwamba eneo lilikuwa wazo la dada, na hesabu za dada hazijawahi kumkaba mtu. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ulipotoka, Gaylon akageuka, akaniona, akasema, “Aa, Verlene! Tulikuwa tunakusifia.” Nikamwambia sifa hizo akawape ng'ombe, wamezoea kula chochote anachowauzia.

Haya, tuhesabu. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikapanda mapaa ya watu mpaka nikawa na duka langu, na sikufika hapa kwa kubahatisha. Kadi zangu za michezo yote tisa ziko mezani. Tumerushiwa pasi 273. Mara 212 tulikaba eneo, kila kijana na kipande chake cha uwanja, na pasi ndefu zilizotuumiza ni nne. Mara 61 tulikaba mtu kwa mtu, na zilizotuumiza ni saba. Moja katika hamsini na tatu, kwa moja katika tisa. Vijana wetu, ukimtoa Ramiro, hawana mbio, Royce. Ukimwambia mtoto mzito amfukuze mwepesi, anaupa mpira mgongo, na anajua umefika pale watu wanaposhangilia. Lakini akilinda kipande chake, macho yake yako kwa mrushaji, na mpira ukiruka wanaufikia wanne.

Sikatai ubaya wake. Eneo linawapa wapinzani yadi tano hapa na sita pale, bure kama maji ya kisima. Mrushaji akipata zaidi ya sekunde nne za kutafuta, linaoza. Na kubwa kuliko yote, mimi fundi paa nalijua: bati halivuji katikati, linavuja kwenye maungio. Pale kipande cha huyu kinapokutana na cha yule, kila mmoja anadhani mwenzake yupo. Wakileta wapokeaji watatu mahali penye walinzi wawili, hesabu hiyo haihitaji kadi.

Kwa ajili ya ungio hilo wewe na mimi tulitunga sheria ya kofia, kwa vifuniko vya chupa kwenye meza ya jikoni, majira yale ya baridi aliyofariki Baba. Mimi nipo chumba cha juu ya jukwaa, nahesabu. Wakijipanga watatu upande mmoja, nakwambia “tatu” kwenye simu ya kichwani, wewe unanyanyua kofia, na beki wa mwisho anaacha katikati anasogea upande huo. Kofia isiponyanyuliwa, hasogei. Mwezi wa nane Colby alisogea mara moja kwa akili yake, ukamzungusha uwanja wiki nzima juani. Ulimfokea, “Macho yako ni ya kwangu, kijana! Kofia tu!”

Basi nimeitazama video ya pasi ile ya mwisho mara kumi na moja. Watatu wamejipanga kulia. Ramiro anamfuata wa karibu, kama alivyofundishwa. Wa tatu anapita nyuma yake, kwenye ungio. Na Colby yuko katikati, anageuza kichwa kutazama benchi. Anatazama tena. Anaitafuta kofia yako, Royce, nayo iko kichwani kwako imetulia.

Usiku ule uliponiuliza kwa nini hukusikia “tatu”, nilikwambia betri ya simu ya kichwani ilikufa. Ukasema hata kama ilikufa, mtoto mwenye macho anaweza kuhesabu mpaka tatu.

Betri haikufa.

Zilibaki sekunde thelathini na nane, tunaongoza, na wapinzani walikuwa na yadi sabini na moja za kwenda. Nilipiga hesabu, nikaona tumemaliza. Kule kituo cha wazee Mama anapewa kidonge cha usingizi saa tatu unusu, redio ya mji haifiki, na unajua halali bila matokeo yako. Nikavua simu ya kichwani, nikampigia. Mama mwenyewe ndiye aliyetukataza, tangu mchezo wako wa kwanza, kutaja ushindi kabla saa ya uwanja haijasoma sifuri. Nikamwambia, “Mama, Royce kashinda.” Akasema, “Nilijua. Mwambie avae sweta.” Alikuwa bado anakuombea nilipowaona wale watatu wakijipanga kulia. Niliwaona. Nilikuwa na sauti ya Mama sikioni, na yako imelala mezani.

Kwa hiyo juzi Jumapili alipokupa hongera, ukarudi ukamwambia Nadine akili ya Mama inaondoka, na Nadine akaniambia umeomba fomu za kumhamishia kwenye jengo la waliopoteza kumbukumbu, fomu hizo zichane. Mama ana akili timamu. Aliamini tu maneno ya binti yake. Jumapili ijayo nitakwenda kumweleza mwenyewe, na anichape kwa lolote lililo karibu na kitanda.

Leo jioni nakwenda kwa Colby na mama yake. Kesho asubuhi nitasimama kwenye duka la donati, niyaseme haya mbele ya Gaylon, acheke mpaka ashibe. Ukitaka chumba cha juu akae mwingine, nitampa kadi zangu na kumfundisha. Lakini nafasi ya mtoto iko mkononi mwako. Ijumaa huenda ukawa mchezo wake wa mwisho wa shule, tukishindwa hakuna mwingine, na hakuna timu ya chuo iliyomwita. Usimkalishe benchi kwa kosa la kukutii.

Nisalimie Nadine, mwambie asali na limau, aache zile dawa za televisheni. Wasalimie wapwa zangu wote. Nilikubeba mgongoni kuvuka mto kabla hujajua kutembea, na bado nakupenda hivyo hivyo, mkaidi mkubwa wewe.

Najua simu hutapokea. Sitaki barua, wala samahani yako kwa yale ya donati, ingawa ikija sitairudisha. Orodha ya wachezaji unaibandika kesho Jumatano saa kumi jioni, na saa tisa unapita mbele ya duka langu kwenda uwanjani. Nitakuwa dirishani. Colby anacheza au hachezi? Kama anacheza, nyanyua kofia.

Dada yako,
Verlene