Kranberi Zilizochacha Juu ya Paa la Bi Zuwena

Jumatatu. Joto la Maskati leo halina adabu. Saa mbili asubuhi kitasa cha mlango wa paa kilikuwa tayari hakishikiki. Nimeosha vyombo vya jioni, nimekaa chumbani kwangu.

Naandika ili niamini kwamba yametokea.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mpishi. Nimetoka Murang'a na huu ni mwaka wa tatu napikia familia moja hapa Qurum. Kuna Bi Zuwena, mwenye nyumba, ambaye alizaliwa Pemba. Kuna binti yake Salma, mfanyakazi wa wizara moja kule Al Khuwair, na watoto wake wawili. Nyumba nzima tunaongea Kiswahili, ingawa wao husema changu kimekauka kama mkate wa juzi.

Wiki mbili zilizopita Salma alirudi na pakiti kumi za kranberi zilizogandishwa. Ni vitunda vyekundu, vidogo kama zabibu, na vichachu hadi sikio linasimama. Zile zilizokaushwa dukani zimejaa sukari, alisema, basi nikaushe mwenyewe. Watoto wapate cha kutafuna shuleni, na zinazobaki ziingie kwenye keki.

Pakiti za kwanza nilizikausha kwa oveni. Unazimwagia maji yanayochemka hadi ngozi zipasuke, unazichuja, unazigusisha sukari kidogo, kisha unazitandaza kwenye trei. Oveni iwe na moto mdogo kabisa, mlango uachwe wazi kidogo mvuke utoke. Saa nane baadaye zikawa zimesinyaa vizuri, laini, zinang'aa. Watoto walizimaliza kwa siku mbili na Salma akanisifu mbele ya wageni.

Sifa hizo ndizo zilizoniharibu.

Juu ya paa letu kuna ndimu za Bi Zuwena. Kila msimu huzichemsha kwa maji ya chumvi na kuzianika hadi ziwe nyeusi na nyepesi, za kutia kwenye mchuzi wa samaki. Nikajiuliza, kwa nini nichome umeme siku nzima na jua la bure liko pale? Nikajiona mjanja sana. Alhamisi jioni nilizipasua kranberi zote zilizobaki, nikazichanganya na sukari kwenye ndoo ili zilainike usiku mmoja kabla ya kuanikwa. Nilifunga mfuniko kwa nguvu kwa sababu ya vumbi na kunguru, nikaiacha ndoo huko huko juu.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Nilienda kanisani Ruwi, nikalala kwa rafiki yangu. Jumamosi nyumba ilijaa wageni, nikashinda jikoni. Ndoo niliikumbuka jana, Jumapili.

Mfuniko ulikuwa umevimba. Nilipoufungua ulitoa sauti ya kupumua, na povu la waridi likapanda hadi ukingoni. Mimi nimeokoka, lakini pua yangu haijaokoka. Shangazi yangu alikuwa akitengeneza pombe ya muratina nyuma ya nyumba, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilikuwa nimepika pombe juu ya paa la watu wanaoswali swala tano.

Hapo bado ilikuwa bahati mbaya tu. Ningeimwaga, nikashuka, nikasema, yakaisha.

Sikuimwaga. Kila Mkenya anayefanya kazi hapa amesikia habari za mtu aliyerudishwa nyumbani kwa kosa dogo kuliko hilo, na kwenye kundi letu la simu tunasimuliana hadithi hizo kama watoto wanaotishana. Niliona begi langu, niliona uwanja wa ndege, nilimwona mama yangu akifungua lango na kuniuliza nimefanya nini. Kwa hiyo nilichuja kile kimiminika nikakimwaga, na matunda nikayatandaza kwenye trei nne. Nilijiambia jua litafukuza harufu, zitakauka, na keki haitajua chochote.

Sikumwambia mtu.

Asubuhi hii nilikuwa nazigeuza niliposikia mtu akipanda ngazi taratibu, hatua moja, pumziko, hatua nyingine. Bi Zuwena alikuwa amekuja kuangalia ndimu zake. Magoti yake hayamruhusu, lakini ndimu hamwachii mtu. Alifika mlangoni akasimama. Hakutazama ndimu. Alikuja moja kwa moja kwenye trei zangu, akachukua kranberi moja, akainusa, akairudisha.

"Hii tembo hii, Njeri."

Nilimwambia ni sukari imeungua kwa jua. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nnaijua harufu hii. Kwetu wagema wakipita uani kila asubuhi na mitungi yao ya tembo la mnazi. Nakuuliza mara moja tu. Ulikuwa ukijua?"

"Nilijua, Mama. Tangu jana."

"Na ungewapa wanangu."

Hakuuliza, alisema tu. Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Ningewapa. Ningezitia kwenye visanduku vyao vya shule, kimoja kimoja, nikafunga vizuri, nikawaambia wasigombane njiani. Watoto ambao nawapenda, ambao mdogo wao huja kulala mapajani mwangu nikimenya vitunguu. Tangu jana nilikuwa najiona mtu aliyepatwa na mkosi. Juu ya paa, mbele ya mama huyu mzee aliyeshika ukuta asianguke, nikajiona mtu mwingine kabisa, na sikumpenda.

Bi Zuwena alikaa kwenye ndoo tupu niliyomgeuzia. "Ingechacha kwa bahati mbaya tungemwaga, tukacheka. Mbona hukuniita?"

Nilimwambia niliogopa kufukuzwa.

"Mimi sitosema kitu kwa Salma," alisema. "Utasema wewe, akirudi kutoka kazini."

Nilimwaga trei zote nne, nikazisugua hadi vidole vikauma. Saa tisa Salma alipoingia nilimsimamisha pale pale mlangoni, mkoba ukiwa bado begani, nikasema yote kwa pumzi moja. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Na kabla ya hizi?" aliuliza.

Sikumwelewa.

"Miaka mitatu, Njeri. Vingapi vimeharibika ukatuwekea mezani kwa sababu uliogopa kusema?"

Hakuna hata kimoja. Naapa hakuna. Lakini nilitaka kumjibu kwa ukweli, nikaanza kukumbuka kwanza, maziwa ya lini, samaki wa lini, na kule kufikiri kwangu ndiko kulikoniponza. Nilipopata kusema "Hakuna, Madam," yeye alikuwa amekwisha kuusoma ule ukimya.

"Khalas, basi," alisema, akapanda juu.

Hajanifukuza. Hajasema nibaki. Jioni Bi Zuwena alikaa mezani peke yake, akaniambia nimpakulie mchuzi, akala hadi akasafisha sahani kwa mkate, huku akinitazama usoni ili nione kwamba anakula. Nilijikaza hadi nikarudi jikoni, nikalia juu ya sinki. Salma aliwalisha watoto chumbani, jibini na mkate aliokuwa ametuma ununuliwe dukani, ukiwa bado kwenye mfuko wake uliofungwa.

Nilikuwa nadhani kitu kibaya kuliko vyote ni tiketi ya kurudi nyumbani. Leo nimejua kuna kubaki.

Alfajiri nitachemsha maziwa ya watoto kama kila siku na kuyaweka mezani, vikombe viwili. Kisha nitasimama mlangoni mwa jikoni nione kama kuna atakayeyanywa.